Vikaratasi vya Fedheha

Mpala iko kusini mwa Kalemie, pale mto Lufuko unapoingia Ziwa Tanganyika. Ni mahali padogo, ila hakuna anayeandika historia ya Kongo ya mashariki akaweza kupapita. Mei 1883 askari Mbelgiji Émile Storms alivuka ziwa kutoka Karema, upande ambao leo ni Tanzania, akajenga boma hapo kwa jina la shirika la Mfalme Leopold wa Pili. Julai 1885 boma likakabidhiwa mapadri wa Kardinali Lavigerie, Mapadri Weupe. Moinet na Moncet ndio waliolipokea. Likafuata kanisa, likafuata darasa, ikafuata seminari ndogo. Na likafuata jambo ambalo wanahistoria hulitaja kwa mstari mmoja kisha wakakimbilia vita na biashara ya watumwa: watu walikaa chini wakaanza kuandika maneno.

Padri Auguste Van Acker, wa shirika hilohilo, alichapisha Brussels mwaka 1907 kamusi ya Kitabwa na Kifaransa yenye pande mbili. Kitabwa ni lugha ya Mpala na ya milima iliyo nyuma yake. Undugu wake na Kibemba ni wa karibu mno, hata Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba aliziweka mlango kwa mlango, M41 na M42. Upande wa kwanza wa kamusi ya namna hiyo, ule unaotoka Kitabwa kwenda Kifaransa, unataka sikio zuri na subira. Neno linasikika, linaandikwa, linaulizwa, linasikika tena kinywani mwa mtu mwingine, linasahihishwa. Nyuma ya kila ukurasa wake wamo wasemaji ambao majina yao hayakufika kwenye jalada. Upande wa pili ndio unaovunja mgongo. Hapo mwandishi hafuati tena neno lililotamkwa mbele yake. Anashuka na alfabeti ya kigeni hatua kwa hatua, na kila neno linamdai jibu. Kwenye C kuna canot, na hilo ni jepesi: mtumbwi uko ufukweni, mtu ananyoosha kidole. Kwenye I kuna infâme. Kidole kinyooshwe wapi?

Kiingereza kina ndugu wa neno hilo, infamous, na ndilo nitakalolitumia kuisifu kazi ya watunga kamusi. Ni gumu kwa namna yake. Humweleza mtu aliyepotewa na heshima, lakini hukumu imo ndani yake tayari: anayelitamka amekwisha kuamua. Mtunga kamusi hana ruhusa ya kuamua. Kazi yake ni kuieleza hukumu ya wengine bila kutia yake, tena kwa maneno machache ambayo msomaji mwenye haraka atayaelewa akiwa bado amesimama.

Aliyeifikisha kazi hii mbali kuliko wengine ni James Murray, mwalimu wa shule kutoka Uskoti. Mwaka 1879 alikubali kuhariri kamusi ambayo Chama cha Filolojia cha London kilikuwa kikiizungumza tangu 1857. Alijenga kibanda cha mabati katika uwanja wa shule huko Mill Hill, akakiwekea vishubaka 1,029, halafu akaupokea urithi wake: karibu tani mbili za vikaratasi vilivyokusanywa na waliomtangulia. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa. Jingine lilikuwa na panya hai pamoja na wanawe. Vikaratasi vya herufi H vilipatikana Italia. Vya maneno yanayoanza na Pa vilikuwa zizini huko Ireland, na vingi vilikwisha kuwashia moto.

Kila kikaratasi kilikuwa nusu ya karatasi ya barua. Juu kushoto, neno. Chini yake mwaka, jina la mwandishi, kitabu na ukurasa. Kisha sentensi yenyewe, kama ilivyo, na makosa yake ikiwa inayo. Wasomaji wa kujitolea walikuwa mamia kwa mamia, Uingereza na ng'ambo, na kazi yao ilikuwa hiyo tu: kusoma kitabu kikukuu, kulikamata neno mahali lilipokaa, kulinakili na kulipeleka posta. Murray aliwabembeleza wasiyadharau maneno ya kila siku, kwa maana jicho la msomaji hudaka kigeni na kuruka kilichozoeleka. Kwa abusion, neno lililokuwa limekwisha kufa, alipata vikaratasi vipatavyo 50. Kwa abuse, ambalo kila Mwingereza hulitumia akisema juu ya matusi au dhuluma, havikufika vitano. Yeye na wasaidizi wake wakalazimika kwenda kuyawinda wenyewe maneno ambayo watu huyatumia bila kuyaona.

Ufundi wenyewe huanza vikaratasi vinapokwisha kufika. Vya neno moja hutandazwa mezani kama ndagala wanavyotandazwa mchangani, na mkono huanza kutenga. Hivi vinasema juu ya mtu. Hivi vinasema juu ya tendo. Hivi ni vya mawakili. Hiki hakifanani na chochote. Kikae peke yake mpaka kipate mwenziwe, na kisipopata, mhariri ataamua kama ni maana mpya au ni mwandishi mmoja aliyeteleza. Kila fungu hupangwa kwa miaka, la zamani likitangulia, na fungu linapopangika ndipo huonekana lini maana moja ilizaa nyingine. Fasili huandikwa mwisho. Ninalipenda sana jambo hili. Watu wengi hudhani mtunga kamusi huketi akafikiri maana ya neno, kisha akatafuta mifano ya kuipamba. Murray alikwenda kinyume. Mfano ulikuwa shahidi, na fasili ilikuwa muhtasari wa ushahidi.

Mashahidi hupotea pia. Kijitabu cha sehemu ya herufi B kilichotoka 1887 kilikosa neno bondmaid, yaani mjakazi, kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea njiani, na neno likaja kuingizwa katika nyongeza ya 1933. Mwaka huohuo wa 1887 kapteni Léopold Joubert alifika Mpala kuwalinda watu wa misheni dhidi ya wateka watumwa. Kamusi ya Murray ilikuwa imempoteza mjakazi katikati ya makaratasi. Huku ziwani mjakazi alikuwa jirani, alikuwa dada wa mtu, na hakuna aliyehitaji kitabu ili kujua maana yake.

Herufi I ilikuwa ya Murray mwenyewe, katika juzuu la H hadi K lililokamilika 1901. Neno letu lilimfikia likiwa na safari ndefu nyuma yake. Mzizi wake ni fama ya Kilatini, yaani yanayosemwa juu ya mtu, lenye asili moja na kitenzi cha kusema. Kiambishi cha mbele kinakana. Kwa Warumi, infamis hakuwa mtu wa kusengenywa barazani tu. Hali yake ilitambuliwa na sheria. Aliyeshindwa katika kesi ya wizi au ulaghai, askari aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha, mwigizaji wa jukwaani, wote hao waliangukia infamia, na waliiangukia pamoja na hasara, kwani hawakuweza tena kumsimamia mtu mwingine mbele ya mahakama. Mwigizaji hakuwa ameiba kitu. Kosa lake lilikuwa kujionyesha kwa malipo. Tangu mwanzo, basi, neno hili lilibeba pamoja uovu wa kweli na dharau ya wenye vyeo, na mhariri hana budi kuvionyesha vyote viwili.

Lilipoingia Kiingereza, mwishoni mwa Zama za Kati, lilikuja na makali hayo. Kwa karne nyingi mtu aliyetiwa hatiani Uingereza kwa kosa lililoitwa infamous, kama uhaini, kughushi au kuapa uongo, hakupokelewa kuwa shahidi. Neno lake halikuwa na thamani tena. Sheria ya 1843 ndiyo iliyokiondoa kizuizi hicho. Marekani waliliweka ndani ya katiba yao: Marekebisho ya Tano, yaliyoidhinishwa 1791, hayaruhusu mtu ashtakiwe kwa kosa la kunyongwa au kwa kosa jingine lenye sifa hiyo mpaka jopo kubwa la raia limeitazama hoja kwanza. Mwaka 1885, katika shauri la Wilson, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliulizwa ni kipi hasa kinacholifanya kosa kuwa la fedheha. Ni ubaya wa tendo, au ni adhabu? Ikajibu kwamba ni adhabu ambayo mahakama inaweza kuitoa. Kifungo cha miaka pamoja na kazi ngumu kinatosha. Kwa mtunga kamusi, hukumu kama hiyo ni dhahabu. Ina tarehe, ina mahali, na inaonyesha neno likihama waziwazi, kutoka kwenye tabia ya mtu hadi kwenye jengo ambamo atafungiwa.

Madaktari nao walilichukua. Sheria ya Uingereza ya 1858 iliyounda baraza lao ilisema daktari anaweza kufutwa katika daftari kwa mwenendo wa infamous katika kazi yake. Maana yake? Mwaka 1894, katika kesi ya Allinson, mahakama ya rufani ilieleza kwamba ni mwenendo ambao madaktari wenziwe, wenye jina jema na ujuzi, wangeuona kuwa wa aibu na wa kuvunja heshima. Fasili hiyo naihusudu. Haikutaja pombe wala rushwa wala ulaghai. Ilitaja wasemaji. Fama ilikuwa maneno ya watu juu ya mtu, na majaji, baada ya karne zote hizo, hawakuona njia nyingine ila kurudi kwa watu wanaosema. Uingereza iliuacha msemo huo mwaka 1969. Kenya ilikwisha kuurithi, na Sura ya 253 ya sheria zake, inayowahusu madaktari na madaktari wa meno, iliuhifadhi pamoja na neno jingine la aibu kando yake, kana kwamba mwandishi wa sheria hakuamini kwamba moja lingetosha.

Anayesoma hadi hapa angedhani neno linazidi kuwa zito kadiri linavyozeeka. Sivyo. Pembeni mwa mahakama kulikuwa na kundi jingine la vikaratasi, la watu waliolitumia kwa chakula kibovu, kwa barabara yenye matope, kwa hali ya hewa. Siku hizi mzaha umelisogeza mbali zaidi: Mwingereza anaweza kuliambatisha kwenye pilipili ya shangazi yake, akimaanisha kwamba kila mtu anaijua na kila mtu amewahi kuchomwa nayo. Filamu ya Marekani ya 1986, Three Amigos, ina waigizaji wanaolisoma neno hili katika telegramu na kuamini kuwa ni sifa kubwa, kwamba mtu anayetajwa humo ni mashuhuri kupita mashuhuri. Watazamaji hucheka kwa kuwa kosa lenyewe linakaribiana na ukweli. Huenda matamshi nayo yana mkono humo. Washairi wa zamani, Milton akiwamo, walikaza silabi ya pili, na fame ikasikika wazi ndani ya neno. Leo mkazo uko mwanzoni na ile fame imemezwa. Sikio halioni tena ni kitu gani kinachokanwa.

Mtunga kamusi mwenye hasira angeifukuza maana hiyo ya mzaha. Mtunga kamusi mwema huiandika, huitia alama ya mazungumzo, na kunyamaza. Kunyamaza huku si kwepesi hata kidogo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755 akiwa na makarani sita tu, alikuwa fundi kuliko karibu wote waliomfuata, na bado hakuweza kujizuia: chini ya neno la posho ya serikali aliandika, kwa ukali, kwamba kwa kawaida ni ujira wa kumnunua mtu aisaliti nchi yake. Mwaka 1762 mfalme akampa posho hiyohiyo, pauni 300 kwa mwaka, naye akaipokea. Wabaya wake walicheka kwa miaka. Mimi siwezi kumcheka sana, kwa maana fasili ile ni tamu kuisoma. Lakini inatuambia habari za Johnson kuliko habari za neno, na aliyefungua kitabu hakuja kumtafuta Johnson.

Huko Mpala mtihani wa neno hili ni mgumu kuliko wa posho ya Johnson. Mskoti Joseph Thomson alipita kando ya ziwa mwaka 1879, na katika kitabu chake cha 1881 alimchora Lusinga, chifu wa milima ya Marungu aliyeteka watu na kuwauza, kama mtawala mwenye kiu ya damu. Sifa hiyo ilisafiri. Storms alipojenga boma lake alimkuta Lusinga akiwa mshindani wake, tena jina lake likiwa limekwisha kuchafuliwa kwa wino huko Ulaya. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walikivamia kijiji cha Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa na wanasayansi, na linatunzwa Brussels katika taasisi ya sayansi asilia. Sanamu ya mti ya ukoo wake, iliyotekwa pamoja na vitu vingine, ni miongoni mwa vitu mashuhuri vya jumba la makumbusho la Tervuren. Storms alipofariki mwaka 1918 alikuwa jenerali mwenye medali. Sanamu ya kichwa chake iliwekwa katika bustani ya Ixelles.

Mtu angelikusanya maneno ya fedheha yaliyoandikwa juu ya vita ile hadi katikati ya karne ya 20, karibu vikaratasi vyote vingemwelekea mtu mmoja, na chini ya kila kimoja, mahali pa jina la mwandishi, kungekuwa na jina la Mzungu. Baadaye vinaanza kugeuka. Mwanaanthropolojia Allen Roberts alikaa miongoni mwa Watabwa katikati ya miaka ya 1970, akazisikiliza simulizi zao, na katika kitabu chake cha 2013 akaziweka kando ya maandishi ya Storms ili msomaji azisome pamoja. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliifuatilia hadharani habari ya fuvu la Lusinga na mafuvu mengine yaliyohifadhiwa Ubelgiji. Mwaka 2022 halmashauri ya Ixelles iliiondoa sanamu ya Storms. Leo sifa zilizokuwa za Lusinga humwandama jenerali.

Lusinga hakugeuka mtakatifu kwa hayo. Familia alizozitawanya zilikuwa za kweli, na Mtabwa wa leo ana haki ya kumkumbuka kwa uchungu vilevile. Ninalolitazama ni mhariri mezani kwake. Hahitaji kuchagua kati ya chifu na jenerali. Anahitaji tu kutolifuta jina la aliyesema. Ondoa mwaka, mahali na msemaji kwenye kikaratasi, na neno infamous linabaki likionekana kama sifa ya asili ya mtu, kama urefu wake au rangi ya macho yake. Virudishe vitu hivyo vitatu, na linaonekana lilivyo: kauli iliyotolewa na mtu mmoja juu ya mwingine, siku fulani, akiwa na sababu zake. Chama cha Filolojia kilitaka tarehe kwa ajili ya historia ya lugha. Faida iliyopatikana kando ya hapo ni kubwa kuliko ile iliyokusudiwa.

Kwa Kilatini, neno hili liliufikia mwambao wa ziwa kwa njia nyingine kabisa. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu aliyesoma katika seminari ndogo ya Mpala, alipewa upadri huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri Mkongo wa kwanza wa zama hizi. Miezi miwili hivi kabla ya siku hiyo Papa Benedikto wa 15 alikuwa ametangaza Mkusanyo mpya wa Sheria za Kanisa, na ndani yake infamia ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya sheria, inayoletwa na adhabu iliyotamkwa wazi. Ya pili ni ya hali halisi, mtu anapopoteza jina jema mbele ya waamini wanyofu na wenye uzito, kwa maoni ya askofu. Mwenye ile ya kwanza hakuweza kupewa upadri. Tazama jinsi sheria hiyo inavyowapanga wasemaji: si kila mdomo unaoharibu jina, ni midomo ya watu wanyofu. Majaji wa London walikuwa wamefika palepale katika kesi ya daktari, wakitokea upande mwingine. Mkusanyo wa 1983 uliiacha infamia. Kaoze alifariki 1951. Kabla ya upadri, mwaka 1910 na 1911, alikuwa amechapisha kwa Kifaransa insha kuhusu fikra za Wabantu, na nafikiri mtu aliyekulia katika Kitabwa, akasoma kwa Kilatini na kuandika kwa Kifaransa alikuwa na vishubaka vyake mwenyewe kichwani, pasipo kibanda cha mabati.

Na Kiswahili je? Ukimwomba Mswahili neno la aibu hatakupa moja. Atakuuliza ni aibu ipi. Kuna soni, mzizi wa Kibantu uliotapakaa mno: Kibemba wana insoni, Kinyarwanda isoni, Kiganda ensonyi, Kilingala nsoni. Mwenye soni ni mtu mwema. Tatizo ni asiyekuwa nayo. Haya nayo ni hivyohivyo, na watu wa Kongo wanaposema fulani amewapatisha haya wanazungumzia kidonda walichopewa wao, wala si tabia yake yeye. Aibu ilitoka kwenye neno la Kiarabu la kasoro, dosari iliyo ndani ya kitu. Fedheha nayo ilitoka kwenye kitenzi cha kufichua. Kwa hiyo aibu unaweza kuilala nayo nyumbani miaka kumi. Fedheha huanza siku mlango unapofunguliwa. Kuna pia kitenzi ambacho watu hawakihesabu miongoni mwa maneno ya aibu, kuvuma. Upepo huvuma, ngoma huvuma, na jina la mtu huvuma, kwa wema au kwa ubaya. Katika maneno yote niliyoyapima, hili ndilo lililo karibu na fama ya Warumi, kwa kuwa nalo limejengwa juu ya sauti ya wengi.

Watunga kamusi wa Kiswahili walikuwa na njia tofauti za kubeba mzigo huu. Madan mwaka 1894 na Johnson mwingine mwaka 1939 waliwaandikia Waingereza waliotaka kusema. Kwa hiyo waliorodhesha maneno yanayoweza kutumika na kumwachia msomaji uchaguzi. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris mwaka huohuo wa 1939, alifanya jambo la taratibu zaidi: aliweka alama kuonyesha neno linasemwa wapi, Unguja au Mvita au Lamu au kwingineko, na hakuilazimisha pwani iwe na kinywa kimoja. Alphonse Lenselaer, mwaka 1983, alitoa kamusi ya aina hiyohiyo kwa ajili ya msomaji ambaye Kifaransa chake ni cha Kongo. Kila nikizifungua kamusi hizi mbili navutiwa na kitu ambacho hakichapwi, yaani idadi ya mara ambazo mtu alisita kabla ya kuweka nukta.

Basi tuandike kidahizo chenyewe, kwa Kiswahili. Maana ya kwanza, juu ya mtu au mahali: -liovuma kwa uovu. Wengi wangeweka -enye sifa mbaya, na si kosa, ila sifa mbaya inaweza kuwa ya kijana mmoja mtaani, hali ya kwamba infamous linataka umbali. Linataka ubaya uliovuka mto na kufika kwa watu ambao hawakumwona mhusika. Maana ya pili, juu ya tendo: -a fedheha. Hapa aibu haitoshi, maana tendo lililobaki gizani haliitwi hivyo. Maana ya tatu ni ya sheria na ya kale, na haina neno moja. Heri kuisema yote, kwamba ni mtu aliyeondolewa haki fulani kwa kutiwa hatiani katika kosa la kuvunja heshima, na kuitia alama ya historia ili mwanafunzi wa sheria asije akaipeleka mahakamani leo. Mfano wa matumizi ni lazima utoke kwenye maandishi au kinywa cha mtu, usibuniwe mezani. Hifadhi kubwa ya matini iliyotayarishwa Helsinki na Arvi Hurskainen itasaidia, lakini sehemu kubwa ya magazeti yake ni ya Tanzania. Kiswahili cha Kalemie, cha Moba na cha Mpala kitabidi kifuatwe kwa daftari na kalamu, kama mwanzo.

Inabaki maana ya nne, ile ya pilipili ya shangazi. Kiswahili kinayo tayari, maana watu husema mashuhuri kwa sauti ya kuchezea, nyusi zikipanda, na wote waliopo wakajua kuwa si sifa. Karatasi haina nyusi. Kilichobaki ni alama ndogo ya mzaha mbele ya neno, na hiyo nisingeiandika mpaka niwe na vikaratasi vitatu kutoka kwa watu watatu wasiojuana, kila kimoja na tarehe yake.